Polisi wa Upepo

Wadi Kabir, Maskati
Jumamosi, 2 Mei 2026

Mazoon binti Thabit,

Salamu zitakuja mwisho, kama zitabaki. Kwanza nijibu. Yule mtu alovaa kofia ya chuma, anakimbia kwenye shamba la watu, nyuma yake wingu jeusi limening'inia kama mkonga wa ndovu, ni wewe au si wewe?

Shatha wa ami yako kanionesha jana kwenye simu yake, anacheka. "Bibi tazama, Mazoon keshakuwa maarufu." Nikamwambia huyo si Mazoon. Mazoon yuko ofisini, ndani ya kiyoyozi, anatazama hali ya hewa kwenye kompyuta. Ndo ulivyonambia, "Ofisi tu bibi, kama ya ami Taimur." Kisha yule mtu akageuka, akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono. Pua hiyo nimeipangusa mie tangu haijajua kujipangusa. Ofisi gani hiyo haina ukuta?

Usinipigie simu. Simu ya nyumba hii inasikilizwa na kila mtu. Ami yako anaweka sauti juu, mkewe Reem anaingilia kati, mwisho nnakata sijasema nlotaka kusema. Ntaandika, kwa mwandiko wangu wa chuoni, kama unachekesha ucheke. Namagembe ataupiga picha akuletee. Huyu ndo Mganda wetu mpya wa kazi za nyumbani, mama wa watoto watatu, mjuzi wa simu na mjuzi wa kunijibu. Wewe nawe andika kwa mkono wako, upige picha. Usiniletee vile viherufi vya mashine, vyote sura moja, sijui mtu kavipanga anacheka au analia.

Na jengine. Bi Wijdan wa Qurayyat kaleta maneno. Anakutaka wewe kwa mwanawe Muatasim, yule anaefanya kazi kwenye mtambo wa maji. Wijdan unamjua. Siku ile ya tufani nyumba yetu ilipokwenda, nyumba yake ndo ilotupokea. Ulilala mapajani mwake, na baba'ako hajaonekana bado. Mtu kama huyo akija na neno haambiwi nenda tutafikiri.

Nijibu yote mawili.

Bibi yako,
Kheiria

*

Magharibi ya Oklahoma
Jumanne, 5 Mei 2026

Bibi yangu,

Shikamoo, na salamu zako nimezipokea ingawa hukuzileta.

Ni mimi. Na ofisi ipo kweli, isipokuwa ina matairi. Ni lori, na juu ya lori tumebeba rada. Rada unaijua bibi, ni ile ile inayompiga picha ami Taimur kwenye njia ya Qurayyat kila akijitia haraka. Ile inampima mwendo ami. Hii yetu inaupima mwendo kisulisuli, hiki kikubwa cha huku wanachokiita tonado.

Nitakueleza, usiseme nakuficha. Lori la gesi linapoingia mtaani kwetu, honi yake si inakuwa kali linapokuja, kisha ikishatupita inakuwa nzito? Lori ni lile lile na honi ni ile ile, mwendo ndo unaoigeuza sauti. Rada inatupa wimbi, wimbi linagonga mvua na vumbi na mbao zinazobebwa na upepo, kisha linarudi limegeuka. Kwa vile lilivyogeuka tunajua mbio zake.

Rada kubwa za mijini zipo, lakini ziko mbali, na dunia ni mviringo. Zinakitazama kisulisuli kichwani. Ni kama mtu aliesimama juu ya paa, watu wakipita chini anaona vilemba tu. Upepo unaong'oa nyumba uko chini, kwenye usawa wa mlango, na huo hakuna anaeujua barabara. Ndo sisi tunaibeba rada tukaisogeza, tuione miguu. Tunaiweka, tunapima, tunaondoka. Karibu tunayokwenda si karibu sana. Ile video imepigwa kwa namna ya kutisha tu.

Muatasim sina neno baya nae. Sina neno lolote nae, bibi. Mara ya mwisho nimemuona akilia kwa sababu jogoo kamfukuza. Usiwape jibu. Nipe msimu huu umalizike, mwisho wa Juni nakuja, nitakaa mbele yako tuseme. Nakuomba, usiwape jibu.

Mjukuu wako,
Mazoon

*

Wadi Kabir
Ijumaa, 8 Mei 2026

We Mazoon,

Kwa hivyo umevuka bahari zote hizo ukawa polisi wa upepo. Sawa. Ukishaupiga picha, faini unampelekea nani?

Nimeisoma barua yako, na Namagembe akanikuzia ile picha nikaisoma tena. Honi ya lori la gesi nimeielewa, usidhani sikuielewa. Lakini sikiliza. Sisi tulifundishwa tukikutana na kisulisuli tunakipa mgongo, tunafunika uso, tunasema pita na njia yako, hatukuoni. Ndani yake mna wenyewe. Hakipigiwi mluzi wala hakioneshwi kidole, na wewe unakionesha sahani la chuma kubwa kama mlango wa msikiti! Tena kupima. Nyumba hii nnayoijua mie, kinachopimwa ni kitambaa na maiti.

Unanambia si karibu sana. Mtu akinambia chumvi si nyingi sana, chakula hicho siendi kukila.

Sasa la Qurayyat. Mwisho wa Juni haupo. Wijdan moyo wake mbovu, madaktari wanamwambia maneno mawili mawili, na anataka kumuona mwanawe na mke kabla. Wanakuja Ijumaa ijayo kutaka jibu, na mie siwezi kumkalisha kitini mwanamke yule nikamwambia mtoto yuko porini anafukuza pepo, ngojea.

Nakupa mpaka Alkhamisi. Sema nimeridhia, au sema sijaridhia nijue pa kuuweka uso wangu. Na ukinyamaza, mwanangu, unaijua ilivyo: mwari kimya chake ndo ridhaa yake. Wanawake wote wa nyumba hii tumeolewa hivyo. Mie alipoletwa babu'ako nilinyamaza, na nilikuwa n'na maneno chungu nzima mdomoni. Niliyameza. Sikufa.

Jibu.

Bibi yako,
Kheiria

*

Wadi Kabir
Jumamosi, 16 Mei 2026

Mazoon mwanangu,

Kimya chako nimekipata, na nimekipokea kwa mikono miwili. Alhamdulillahi.

Wamekuja jana baada ya sala. Wijdan kanenepa, mashaallah, kapandishwa ngazi na wanawe huku anauliza ngazi hizi alijenga nani, mbuzi? Nikamwambia zimejengwa kwa watu wanaotembea. Akacheka mpaka wakamkalisha njiani apumzike. Wameleta sinia ya halua ya zafarani, udi wa maana, vitambaa, na seti ya dhahabu kwenye kisanduku chekundu. Reem kaifungua mara nne, mara zote kwa bahati mbaya.

Ami yako akaniita mlangoni, wanaume wote wanasikia. "Mama, Mazoon kasemaje?"

Nikasema, "Kanyamaza."

Basi vigelegele! Wijdan kashika kifua kwa furaha, nikadhani anatufia mikononi. Reem akaniinamia sikioni, "Mama, kanyamaza, au hajajibu?" Nikamwambia wewe kahawa inapoa, shughulika na kahawa.

Milka, kufunga ndoa yenyewe, itakuwa Alkhamisi, tarehe nne Juni, Idi ikishapita. Mkataba utafungwa msikitini kwao Qurayyat, ami yako ndo walii wako, atasema yeye. Harusi tutaifanya ukirudi. Kitambaa cha kijani nimekuwekea, Shatha alikuwa anakizunguka.

Lakini Mazoon, haya ni haya, hata salamu ya Ijumaa? Hata picha ya vile vyakula vyako vibaya? Ushaposwa sasa, unaweza kusema. Mvua gani huko? Nalala naamka, natembea ukumbini mpaka feni inanionea uchovu. Si kwa sababu yoyote. Joto tu la mwezi wa tano.

Andika.

Bibi yako

*

Oklahoma
Alkhamisi, 21 Mei 2026

Bibi yangu,

Shikamoo. Usighadhibike, simu yangu ilivunjika kwenye mvua ya mawe na leo ndo nimepata nyengine. Bado inajipanga, haijaniletea kitu. Nimeona nikuandikie kwanza huku nangojea. Mwandiko ukiuona umepinda usiujali, naandika garini na barabara ni mbovu.

Nina khabari njema. Tumepata tulichokuwa tunakitafuta. Kisulisuli kilitua mashambani, si mbali na njia, tukaiweka rada na tukaisoma miguu yake, chini kabisa, chini kuliko paa la nyumba yetu. Zaidi ya kilomita mia tatu kwa saa, bibi, pale mlango wa mtu unapokuwa. Juu yake upepo ulikuwa mdogo kuliko chini. Ungetazama vilemba tu ungesema nyumba itasimama. Mwalimu wetu katutazama wote mmoja mmoja, kisha akaenda nyuma ya lori akalia. Bibi, mimi ndiye

Barua zako zimeingia. Mbili. Nimezisoma.

Sijaridhia.

Barua ya tarehe nane sikuiona, bibi. Imeingia sasa hivi, katikati ya sentensi ile niliyoikata hapo juu. Sikunyamaza kwa haya wala kwa ridhaa. Simu yangu ilikuwa tope ndani ya mtaro.

Na kwa kuwa umenioza kwa jambo nisilolisema, nitakusemea yote. Siko garini. Niko kitandani, sasa kwa rafiki yangu, kabla ya hapo hospitali. Tarehe saba, rada ilipokuwa inazunguka, dereva wetu alisema tuondoke. Mimi nikasema mzunguko mmoja tu, wa chini, huu ndo wenyewe. Wakanisikiliza. Kisulisuli kikageuka. Tukaanza kukimbia, na mawe ya barafu yakavunja vioo, na upepo ukalisukuma lori mtaroni kama mtu anavyosukuma kiti. Wenzangu wazima. Mimi mkono umevunjika mahali pawili, wametia chuma. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Ningeweza kuazima simu siku yoyote. Sikutaka. Ungesikia sauti yangu tu ungejua, na ungenambia rudi, na nisingekuwa na nguvu ya kukukatalia. Nikanyamaza ili nikufiche. Hilo ni langu, na nalibeba. Lakini wewe kimya changu umekipeleka kwa watu, wakakipigia vigelegele.

Bibi, nyumba yetu imeshadanganywa na kimya mara moja. Upepo ulipotulia siku ile Qurayyat, sote tulisema umekwisha. Baba alitoka kwenda kutazama gari. Haukuwa umekwisha. Ulikuwa katikati tu, ukarudi kwa upande wa pili. Unajua kwa nini mimi niko huku, hujawahi kuniuliza lakini unajua.

Warudishie vitu vyao.

Mazoon

*

Muscat, Wadi Kabir
22/5/2026

Dada Mazoon,

Mimi ni Namagembe. Pole sana kwa mkono. Naandika haraka, Mama yuko anaswali.

Mimi sipendi kuingia maneno ya familia, wallah, lakini hii imenikaa kooni. Ile barua ya tarehe nane mimi ndiye niliituma. Ilikaa tiki moja. Jumatatu nikamwambia, "Mama, ni tiki moja, haijafika kwa Dada." Akasema, imefika, ana haya. Jumatano nikamwambia tena. Akaniambia, "Wewe unajua tiki, mimi najua watoto." Alhamisi sikumwambia, lakini yeye mwenyewe alikuja jikoni akachukua simu yangu, akaangalia ile tiki, akairudisha juu ya friji. Kesho yake wageni wakaja.

Tangu jana amesoma barua yako hakai. Hali chakula. Ile sinia ya wageni anaipanga, anaipangua, anaipanga. Leo asubuhi lori la gesi lilipita, akanituma chini nikamwombe dereva arudi nyuma apite tena na honi. Yule Mbangali aliniona mimi ni mwendawazimu. Alipita mara tatu. Mama alikuwa juu dirishani, amefunga macho, anasikiliza.

Usimwambie nimesema. Ama mwambie, atanigombeza halafu atanimiminia chai.

Namagembe

*

Wadi Kabir
Jumapili, 24 Mei 2026

Mazoon,

Mkono upi?

Umesema umevunjika mahali pawili, hukusema upi, nikafikiri wa kulia kwa vile unaandikia kushoto, kisha nikafikiri labda umesema hivyo kuniumiza. Chuma hicho kinatoka au kinabaki? Mifupa yetu sie haipendi baridi. Tafuta mafuta ya habasoda usugue, na usimsikilize daktari akikwambia haina maana.

Lakini kuhusu Qurayyat, siwezi. Usinipe amri kama mie ni kijakazi wako. "Warudishie vitu vyao." Unajua unachosema? Halua ya watu tushaila! Mtaa mzima umekula. Nimekula mie kwanza kabla ya mtu yeyote. Niende kwa mwanamke alonifungulia mlango siku ile, maji yamefika magotini, mtoto begani, mwanangu hayupo, alonivua nguo zilorowa akanivisha zake. Nende nikamwambie nini? Kwamba nilikudanganya? Kheiria binti Jaifar hajawahi kuitwa muongo kwenye ukumbi wa mtu.

Tena Qurayyat sijatia mguu tangu Thabit. Unalijua hilo. Hata hiyo milka nilikuwa nimepanga nijitie mgonjwa.

Kijana mzuri. Ana kazi. Mamake ana fadhila na sie mpaka siku ya kiyama. Hayo yote ni upepo kwako?

Na huyo Namagembe wako nimemuona anaandika akajificha na kitambaa cha sahani. Nnayajua alokwambia. Ntamwambia mwenyewe.

Bibi yako

*

Oklahoma
Jumatatu, 25 Mei 2026

Bibi,

Wa kulia. Chuma kinabaki. Mafuta nimepata kwenye duka la Wahindi.

Naweza kumwandikia ami Taimur mstari mmoja, leo hii, na milka haitafungwa. Yeye ndo walii, na bila ya mimi hana la kusema. Nimeshaandika huo mstari, upo hapa. Sijautuma. Akiupata, atakuja ukumbini mwako na Reem nyuma yake, na ataanza, "Mama, kwani wewe," na mimi namjua atakavyoanza. Sitaki mtu yeyote aje akusimamie hivyo. Wewe ndo ulonilea, hakuna mwengine.

Bi Wijdan fadhila yake naijua. Nakumbuka mapaja yake yalivyokuwa na joto. Lakini hakutufungulia mlango ili siku moja alipwe mimi.

Na si kwamba simtaki Muatasim bibi. Sijui kama namtaka. Hakuna alienipa muda wa kujua. Kitu kama hicho hakisomwi kutoka mbali.

Kesho kutwa Idi. Kula nyama ya Idi. Ukila nitajua kwa Namagembe.

Nangoja mpaka Jumapili.

Mazoon

*

Wadi Kabir
Jumamosi, 30 Mei 2026

Mazoon,

Nimekwenda.

Alkhamisi, Idi ya pili, nilikwenda Matrah na Namagembe tukanunua halua, ile ile ya zafarani, sinia nzima, asije mtu akasema tumekula cha watu. Muuzaji kaniuliza, "Harusi, Bibi?" Nikamwambia fungasha.

Jana nikamwambia Taimur anipeleke. Sikumwambia kwa nini. Alipoona kisanduku chekundu mkononi kaelewa, akaanza, "Mama, kwani wewe," vile vile ulivyosema. Nikamwambia ukilimaliza hilo neno ntateremka nende Qurayyat kwa miguu, uje uwaeleze polisi. Akanyamaza mpaka tunafika. Rada ilimpiga njiani. Sikucheka. Nilicheka kidogo.

Kwa Wijdan nikaingia peke yangu. Kanikuta mlangoni, kafurahi, "Kheiria! Umekuja kwa miguu yako Qurayyat!" Kanikumbatia na sinia yangu kichwani, tukawa hatujui tuiweke wapi. Halafu akaiona halua, akakiona kisanduku, akakaa. Hakukaribishwa na mtu, alikaa tu.

Nikamwambia, "Wijdan, mtoto hakuridhia."

Akasema, "Si alinyamaza?"

"Simu ilivunjika, na mkono wake nao. Hakuiona barua."

"Na wewe hukujua?"

Hapo ndo palikuwa penyewe, Mazoon. Ningesema sikujua, mambo yangekwisha, tungekunywa kahawa. Na kujua kwenyewe kulikuwa kaalama kadogo kamoja kwenye simu ya mtumishi, nani angenishika?

Nikamwambia, "Nilijua haijafika. Nilitaka kimya, nikakichukua."

Kanitazama. Feni inazunguka, mtoto wa mtu analia huko ndani. Nikawa najua atasema, siku ile nilikufungulia. Ningekuwa yeye ningesema. Akasema, "Na mie ulidhani nakudai?" Basi. Hilo tu. Mwanamke kagonga pahala pagumu kuliko vile ningegonga mie. Nikatazama miguu yangu.

Kisha akasema, "Halua hii ya Matrah?" Nikasema ndio. Akasema, "Ile yetu ilikuwa bora." Nikamwambia muongo mkubwa we, ile yako ilikuwa na sukari kama ya chai ya wafungwa. Akacheka, akashika kifua, nikamshika mkono mpaka pumzi ikarudi. Tumekunywa kahawa. Hatujapatana kama zamani, usidhani. Aliponisindikiza hakuvuka kizingiti. Lakini kahawa tumekunywa.

Muatasim mwenyewe kanibebea kile kikapu nlicholetea vitu vyao, kitupu, mpaka garini. Anafunga mlango, kaniuliza, "Bibi, mkono wake unaendeleaje?" Sikwambii kitu. Wala sikusifii mtu. Nakwambia tu aliuliza, nawe ufanye utakavyo na hilo, au usilifanye kitu.

Tulipotoka nikamwambia Taimur apite pale. Hakuuliza pale wapi. Nyumba haipo, unajua, umebaki ule ukuta wa upande wa jikoni na mtende mmoja, ule ulokuwa unapanda ukashindwa kushuka. Nikateremka. Jua kali, upepo hakuna, hata kuti halitikisiki. Nikasimama.

Kikazuka pale pale uwanjani. Kidogo, si kama chako, urefu wa mtende na nusu. Kimebeba vumbi na makuti na mifuko ya plastiki. Taimur akapiga kelele, "Mama! Kipe mgongo! Ingia garini!"

Sikukipa mgongo. Nikatazama miguu yake, kama ulivyoandika. Kichwani kilikuwa kinajizungusha polepole, kama mtu anacheza kwa maringo, lakini chini, Mazoon, chini kilikuwa kimekasirika. Mchanga ulikuwa unakimbia mpaka huuoni. Mfuko mmoja mwekundu niliuandama kwa macho. Ulitoka kwenye mtende ukafika ukutani kabla sijamaliza kusema bismillahi moja, bismillahi fupi. Kisha kikanijia mie. Kikanivua mtandio, kikanitia mchanga mpaka kwenye meno, na nilikuwa namsikia Taimur analia nyuma yangu, mwanamme mzima.

Kilipotulia, kimya kabisa, Taimur akasema, "Kimekwisha Mama, twende." Nikamwambia ngoja. Sikusogea. Nikangoja kwanza, muda mrefu, nikitazama upande wa pili. Thabit hakuna aliemwambia ngoja.

Hakikurudi. Nikapanda gari.

Sijakwambia ubaki huko, na sijakwambia urudi. Nikisema rudi hutorudi, nikisema baki nitalia, basi nisiseme. Lakini ukisimama mbele ya kitu hicho na dereva akasema tuondoke, ondokeni. Neno hilo hilo, mara moja tu, ndo lilompeleka baba'ako kwenye gari.

Sasa kazi yako. Nje ya pale barabarani rada ya serikali ilikuwepo, na kile kitu kilikimbia mbele yake na taa haikuwaka. Kutoka mtendeni mpaka ukutani unapajua, ulikuwa ukikimbia hapo na Muatasim na yule jogoo. Bismillahi yangu unaijua urefu wake, umeisikia maisha yako yote. Nipigie hesabu. Kilikuwa kinakwenda mwendo gani?

Nangoja. Na safari hii ukinyamaza sitojua kitu. Kwa hivyo jibu.

Bibi yako,
Kheiria

Salamu zimebaki. Pokea.